Herufi Zivae Viatu

Leokadia Mwalongo hataki twiga.
"Twiga," ananiambia, akipangusa meza kwa pindo la khanga,
"amepita lini Makambako? Alikula nini? Alilipa?"
Nafuta twiga.

Nafuta na jua linalochomoza,
na uma na kisu vilivyopishana kama silaha kwenye ngao,
na kofia ya mpishi, ile nyeupe, ndefu,
ambayo hapa hakuna kichwa kilichowahi kuivaa.
Siku tatu za kazi, ghorofani Mwanjelwa,
juu ya duka la mabuti na kufuli,
umeme ukikatika kila nilipokaribia kupenda kitu,
na sasa ukurasa ni mweupe.

Tuanze na herufi, nasema. Naigeuza kompyuta aone.
Hizi zina viatu. Tazama kila mguu ulivyokanyaga.
Hizi nyingine ziko peku.
Peku ndizo za kisasa, Mbeya mjini kila mwenye mgahawa anazitaka.
Ananitazama. Upepo unautikisa mlango kama mdai.
Ni Julai; abiria wa Songea wanashuka
mikono kwapani, pumzi zao zimewatangulia kuingia.
"Zivishe viatu," anasema. "Hapa kuna baridi."

Rangi ilitutoa jasho zaidi.
Nilileta kijani. Kijani cha nani? akauliza,
maana cha majani ya chai si cha parachichi,
na chainizi ikizidi moto inageuka sare ya mgambo.
Nyekundu? Watadhani nauza vocha.
Akaingia jikoni, akatoka na kiazi kibichi,
udongo bado umekishika upande mmoja,
akakikata juu ya karatasi zangu.
"Hii." Si ganda, si nyama:
uzi wa waridi katikati yake, mwembamba kama ukingo wa kucha.
Nikaupiga picha haraka
kabla kiazi hakijaanza kuwa cheusi.

Alama yenyewe sikuibuni.
Dereva wa lori la Tunduma, meza ya pembeni,
alimega ugali, akaufinyanga bila kuutazama,
akalibonyeza tonge kwa dole gumba,
akachota mchuzi.
Leokadia alikuwa ananieleza habari ya bei. Sikumsikia.
Nilikuwa nyuma ya tiketi yangu ya basi, nachora
duara lisilojali kuwa duara,
na kishimo.

"Sikio," akasema binti wa vyombo.
"Mwezi," akasema kondakta, "unaliwa."
Leokadia hakusema kitu.
Alinyoosha dole gumba, lenye kovu la mafuta,
akalilaza juu ya kishimo cha wino.
Likaenea.

Nilimwuliza habari ya kibao cha zamani, kile cha barabarani.
Alikiandika mumewe, mwaka walipofungua,
kwa rangi iliyobaki kwenye lango la parokia.
PUMZIKA.
Z imeiegemea I kama mtu aliyesafiri usiku kucha.
Herufi peku, zote saba.
"Hakuwa na haraka ya kumaliza," akasema,
kisha akaondoka kwenda kutazama maharage
ambayo hayakuhitaji kutazamwa.

Ankara yangu ilikuwa laki tatu.
Alilipa laki mbili na gunia la viazi,
akadai risiti ya vyote viwili.

Nimepita tena Oktoba.
Kibao kipya kinaonekana tangu kwenye kona,
waridi, tonge, herufi na viatu vyake.
Wasafiri wanapiga picha. Mmoja aliniuliza
ile ni alama ya kanisa gani.
Cha zamani hakukitupa.
Kiko jikoni, kinafunika pipa la maji,
maandishi yakitazama chini,
na kila akitaka kuchota
anakiinua kwa mikono miwili, polepole,
anakiegemeza ukutani,
anakipangusa unyevu kabla ya kukirudisha.